Nukta Chini ya Neno

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na kabla sijaenda mbali, nikuulize: mgongo unaendeleaje? Bado wanakusimamisha kutwa mbele ya zile mashine za kufulia shuka za hospitali? Mpe shemeji mkono wangu. Sisi huku hatujambo. Jicho la Mama lililopasuliwa limepona vizuri, hata daktari amemwambia asirudi kwake mpaka miezi sita ipite. Mimi ni yule yule, kutwa naning'inia kwenye lifti za watu, jioni narudi mweusi kwa grisi.

Najua umekasirika. Jumapili jioni nilipowasha simu nilikuta umepiga mara kumi na tisa, na ujumbe wako wa mwisho ulikuwa wa herufi kubwa tupu. Siku mbili hukupata ule ujumbe wa asubuhi wa Mama, ukadhani limetokea la kutokea. Halikutokea. Tulikuwa msituni, na simu zetu zilifungiwa kwenye kopo la biskuti. Nilikujibu kwa ufupi kwamba tu wazima na barua inakuja, kwa sababu haya ninayotaka kukwambia hayafai kwenye simu. Nakuomba kitu kimoja tu. Tiketi yako ya mwisho wa mwezi usiifute, na sanduku usilifunge, mpaka uwe umeisoma barua hii yote.

Nyumba tuliyokwenda ni ya mama mmoja mwenye jengo la ghorofa tisa. Lifti yake iliwahi kukwama akiwa ndani, nikamtoa baada ya saa nzima, huku nikimpigia soga kwenye upenyo wa mlango asije akazimia. Tangu siku hiyo ananiita Mkombozi, na kila tukionana ananisihi nikapumzike kwenye nyumba yake ya mbao huko msituni. Siku zote nilikuwa nakataa. Watu wakikwama, simu inayolia ni yangu, sasa nitapumzika vipi? Lakini wiki iliyopita nilimfuata mwenyewe kuomba ufunguo, na zamu yangu nikamwachia mwenzangu. Mama alishangaa, maana hata siku ya harusi yangu nilipokea simu ya lifti.

Ni chumba kimoja chenye baraza, vitanda viwili, jiko la kuni la chuma na taa mbili za mafuta. Umeme hakuna, mtandao hakuna, maji unayafuata kijitoni kwa ndoo, na choo kiko nje, hatua arobaini. Anayepatunza ni bibi mmoja mfupi asiye na maneno mengi. Alitupokea na kopo mkononi hata kabla ya salamu. Simu ndani, kifuniko juu, na tungezipata Jumapili saa kumi jioni. Mama alitumbukiza yake bila kuitazama mara mbili. Yangu bibi yule ilibidi aivute kidogo.

Saa za kwanza nilikuwa kichekesho. Paja lilikuwa linanitetemeka kana kwamba simu imo mfukoni. Ndege akilia, napapasa suruali. Mama alicheka mpaka akakaa chini, akasema alidhani amezaa mtoto, kumbe amelea mnara wa simu.

Yeye alikuwa na starehe yake nyingine. Miwani yake mipya tuliichukua Ijumaa ile ile mchana, tukiwa njiani. Dada, ungemwona! Mtu aliyeiona dunia kwa ukungu mwaka mzima alisoma gazeti kuukuu lililofungia vitunguu, akasoma kiberiti, akageuza sufuria asome maandishi ya chini. Kisha akaliona tangazo la masharti ya nyumba, lililobandikwa ukutani na makosa yake manne. Unamjua. Miaka thelathini ya kusahihisha prufu, zile kurasa za majaribio, katika kiwanda cha uchapaji haikumtoka kwa kustaafu. Penseli nyekundu ikatoka kwenye mkoba. Alilipitia tangazo zima, akakata neno moja, akalitazama tena, akaona amelionea, akaliwekea nukta chini yake. Unazikumbuka nukta zile. Insha zetu zote zilipita kwake kabla ya kufika kwa mwalimu, na tulilijua hilo hata kabla ya kujua kuzidisha: neno lililokatwa likiwekewa nukta chini, ule mstari si kitu tena, neno libaki lilivyokuwa.

Jumamosi ilikuwa siku njema. Nilipasua kuni huku Mama akinikosoa namna ya kushika shoka. Chai ilinuka moshi, tukainywa hivyo hivyo. Hapakuwa na sauti ila ya majani na maji. Nikiwa nyuma ya nyumba nilimsikia anaimba kwa sauti ya chini, na sikuwa nimemsikia akiimba tangu tumzike Baba. Badala ya kufurahi, roho ilianza kunisuta.

Mchana mvua ikatuingiza ndani. Mama alikuwa anachambua maharage, mimi naingia na maji. Akasema kwa furaha kwamba kesho akirudishiwa simu yake ataisoma yote tangu mwanzo, peke yake, kwani amechoka kusomewa na mimi kama mtoto wa chekechea. Ndoo iliniponyoka. Maji yakaenda mpaka kwenye jiko na kuuzima moto.

Dada, sasa naomba ukae.

Unajua Baba alipokuwa mgonjwa, kila wiki ulisema utakuja wiki ijayo, mpaka ikafika wiki ambayo haikumkuta. Nilichokuficha ni kwamba tangu hapo Mama aliacha kukutaja. Ukawa "yule mwenzako". Ulipotuma ule ujumbe mrefu wa kuomba radhi, nilimsomea wote. Alisikiliza hadi mwisho, akaniambia nisijibu. Nilizunguka na simu yake siku mbili, nikikufikiria huko ulivyo mbali nasi. Siku ya tatu nikakuandikia, "Nimekusamehe, mwanangu."

Hayakuwa maneno yake. Ni yangu. Na yote yaliyofuata kila asubuhi, ya umeamkaje, ya nyanya zilizoanza kuiva, ya kukuota, niliyaandika mimi, na majibu yako nikayasoma mimi kisha nikayafuta. Ulipopiga, nilisema amelala. Hakuna mzee duniani anayelala kiasi kile. Wewe ukaamini, ukakata tiketi. Msituni sikwenda kupumzika. Nilikwenda kuiba siku mbili kabla miwani haijakutana na simu.

Nilimwambia yote pale pale, nimepiga magoti kwenye maji. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Aliuliza jumbe zilikuwa ngapi. Nikasema zinapita mia tatu. Akanipa daftari, akaniamuru niandike zote ninazozikumbuka, nianze na ule wa kwanza. Niliandika mpaka mvua ikakatika, zikafika kama arobaini.

Akavaa miwani, akashika penseli, akakaa wima kama yuko kazini. Aliniuliza ni lini yeye amewahi kumwita mtu "kipenzi". Ndoto zote tatu alizikata, akisema yeye haoti. Nyanya alizigeuza kuwa pilipili hoho, kwani ndizo zilizokuwa bustanini. Pale nilipokuandikia kwamba anakukumbuka kila akitandika kitanda chako hakupagusa, alipita haraka. Ule ujumbe wa kwanza aliuacha hadi mwisho. Alilitazama neno "Nimekusamehe" kwa muda mrefu, kisha akalikata kwa mstari mmoja mnyoofu. Akafunga daftari, akaenda kukoka moto upya. Nilijua nimewapoteza nyote wawili.

Jumapili asubuhi nilimkuta ameketi barazani, daftari mapajani. Nikaenda zangu kijitoni. Niliporudi alikuwa amechana ule ukurasa wa kwanza. Alinipa, akasema, "Mpelekee dada yako." Si "yule mwenzako". Dada yako, akalitaja na jina lako. Akaongeza kwamba nisithubutu tena kumwandikia, macho anayo.

Sikudanganyi tena: hasira bado anayo, kwako na kwangu. Usitegemee vigelegele mlangoni. Amesema ana mengi ya kukwambia kwa kinywa chake, na utakaa uyasikilize. Nami nakuomba unisamehe, ukiweza. Sikutaka kukuchezea. Sikuweza kuvumilia kukaa katikati yenu.

Ukurasa wenyewe nimeukunja ndani ya bahasha hii. Tazama mstari wa kwanza. Alipokata utapaona, hakupafuta. Kisha tazama chini ya neno. Kuna nukta tano, na ya mwisho ameikandamiza mpaka karatasi imetoboka.

Basi wasalimie wote hapo nyumbani kwako, na mgongo uupumzishe. Mama anasema ukija umletee penseli nyekundu, yake imebaki kipande.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda