Kura Tisa kwa Moja

Kalemie, 8/3/2024

Yaya Domitille,

Nakusalimu wewe, dada yangu mukubwa, na watu wote wa Manono. Sisi tuko wazima, ila muguu wa Micheline bado unamuuma asubuhi.

Jana kikundi chetu cha tulioacha pombe kilipiga kura. Cyrille ameomba kuingia. Njo yule aliyemugonga muke wangu Micheline na piki-piki, akiwa amelewa lutuku. Nilisimama nikasema huyu hapana. Mama Philomène, anayetuongoza, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba mikono. Tisa walikubali. Mimi peke yangu nilikataa.

Miaka mitano sijagusa kikombe. Lakini kwenye kikundi sirudi tena.

Mudogo wako,
Damien

Manono, 25/3/2024

Mudogo wangu Damien,

Barua yako ilifika na muntu wa lori. Huku tuko na afya, malaria ya mutoto wangu Glody imeisha. Pole kwa Micheline.

Sikuambii Cyrille ni muzuri. Nakumbuka tu mwaka ule ulipokuwa unalala nje. Hakuna aliyekutaka, hata mimi. Hao watu walikupokea. Kama kila muntu anatoka siku wanapomukatalia neno lake, watabaki nani? Usifiche unachofikiri, lakini urudi ukakae nao. Unijibu haraka.

Yaya wako,
Domitille

Kalemie, 14/6/2024

Yaya Domitille,

Unisamehe kwa kukawia. Habari ya afya yako? Sisi tunaendelea.

Alhamisi tano, siku ya mukutano wetu, sikuenda. Ya sita, nilipotoka kazini bandarini, niliingia kwa mama muuza lutuku. Alinimiminia. Nikaangalia kile kikombe, nikaona sina hata muntu mumoja wa kumwambia. Nikakiacha mezani, nikaenda kwenye mukutano. Niliwaambia: "Mawazo yangu hayajabadilika. Lakini kura njo yetu sote, na mimi ni wenu." Mama Philomène akanisogezea kiti. Cyrille alikuwa anaangalia chini.

Alhamisi ya wiki iliyopita Cyrille hakuonekana. Mama Philomène akauliza nani anakaa karibu naye. Ni mimi. Nilimukuta mulangoni kwake, hajalewa, anaogopa tu. Nikamwambia: "Simama, wanatungoja." Tulitembea pamoja mpaka mukutanoni.

Niliporudi nilimweleza Micheline nilikotoka. Aliendelea kutwanga sombe, majani ya muhogo, mpaka yakalainika. Kisha akasema: "Basi Alhamisi ijayo umupitie mapema."

Jana nilimupitia.

Mudogo wako,
Damien