Maziwa ya Mtoto Mmoja

Mpendwa binti yangu Zuhura,

Kosa la watu wengi ni kudhani mtoto aliyevimba amenona. Ndilo lililofanywa na mtaa wetu mzima hapa Mji wa Kale, wewe ulipomwachisha ziwa mwanao wa kwanza, Ali. Vita vilikuwa vimetuondolea mchele, akawa anakula uji wa muhogo mtupu. Mashavu yakamjaa. Majirani wakipita barazani walimtania: "Mashallah, huyu atakuwa hamali wa gatini." Mavyaa wako, Bi Khadija, mamake mumeo, akamfunga hirizi mguuni kumkinga na jicho la hasidi. Wewe ndiwe uliyeona uzi umedidimia nyamani, ukaniita. Nilimbonyeza mguu kwa kidole, shimo likabaki. Mafuta hayafanyi hivyo, mwanangu. Yale yalikuwa maji, na chini yake mtoto amebaki mifupa.

Tulikwenda pamoja kwa daktari wa Kihindi. Akakupa mkebe wa maziwa ya unga na chupa ya mafuta ya samaki, akasema, "Mama, hii ni dawa yake, si chakula cha nyumba." Ukaitikia.

Lakini nyumba ile ya Bi Khadija wajukuu wote hula sinia moja. Bado nakusikia ukinong'ona, "Daktari amesema ni ya Ali." Na Bi Khadija, bila hasira: "Mmoja anywe, wenziwe wamkodolee macho? Kwetu hatuli hivyo, mkazamwana." Akayagawa kwa haki, hata tone hakujiwekea. Kila mtoto alipata mafunda mawili, Ali naye mafunda mawili. Mkebe ulikwisha upesi. Ali akafuata.

Jana nimepata barua yako kutoka Lamu, mlikohamia na Bi Khadija. Umemwachisha Salim ziwa, miguu imemjaa, na mavyaa wako anafurahi kwamba amenawiri. Zahanatini umepewa mkebe, nao uko jikoni kwake. Niliposoma hapo nilichukua kalamu. Nimesomesha watoto wa watu maisha yangu yote, na mjukuu wangu wa pili anapita njia ile ile. Sijui waraka huu utakukuta na mtoto au na matanga. Siwezi kuamrisha katika nyumba ya watu, na wema wa Bi Khadija sina hoja ya kuushinda. Tumaini nililonalo ni dogo mno, nami sitakuficha.

Leo hii, ukimaliza kusoma, chukua mkebe, ingia chumbani na Salim, funga mlango, umkorogee maziwa kwa maji yaliyochemshwa, ayanywe peke yake.

Babako