Mdhamini Wangu ni Damari wa Ikombe

Kyela Mjini,
Jumapili, baada ya ibada.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Mimi mzima wa afya, tena nimenenepa kwa wali wa Bi Habiba. Wasiwasi wangu ni mgongo wako. Umepona, au bado unainamia udongo kutwa nzima? Na Aliko anakwenda shule au anakwenda kuvua? Mwambie dada yake habari zake anazo zote.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu wewe, mama, simu huisikilizi, unaihutubia. Barua hii isome mwenyewe. Usimpe Baba Mdogo Eliud, atasoma kwa sauti mpaka Matema wasikie.

Nimepata kazi! Mama, nimepata! Ni msaidizi wa mtunza ghala kwenye ghala la kakao, Ndandalo, na wiki ya kwanza nimeshaimaliza. Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana na wewe umo.

Unajua tangu nimalize chuo nimepeleka maombi ofisi kumi na tisa, kimya. Siku moja Bi Habiba, huyu mwenye nyumba wangu anayeuza kanga na ndoo sokoni, akataka kuiona hiyo CV yangu. Akavaa miwani, akasoma kurasa zote nne, kisha akauliza huyu aliyeandikwa humu ni nani, maana yeye hamjui. Nilikuwa nimejiita mchapakazi, mbunifu, mwenye kujituma. Yote nilinakili kwa rafiki yangu Jeni, hata burudani yake ya kuogelea kwenye bwawa la hoteli nikaibeba. Mimi na bwawa wapi na wapi, mama, na ziwa liko mlangoni! Bi Habiba alicheka mpaka akakalia ndoo ya kuuza. Akasema yeye ameajiri watu dukani miaka ishirini, na anayejiita mchapakazi bado hajasema kitu. Aseme amefanya nini, kwa kiasi gani, na nani alimwona.

Tukaanza upya, ukurasa mmoja tu. Akauliza nimewahi kufanya kazi gani, nikajibu hakuna, nilikuwa mwanafunzi. Akauliza vyungu vya mama vilifikaje sokoni. Nikasema nilivipanga mimi kwenye mtumbwi tangu darasa la tano, sitini kila Jumamosi, nikiviwekea majani makavu katikati. Na pale sokoni Lyulilo, mtu akijaza chungu mchele, chungu kinakuwa chake na mchele unakuwa wetu, nani alisimama kuangalia wasijaze nusu? Mimi. Bi Habiba akaniamuru niandike kila neno.

Tukafika kwa wadhamini. Wa kwanza mwalimu wangu wa chuo. Wa pili sikuwa naye. Basi, Bi Habiba alipokwenda kuswali, nikaandika: Damari, mfinyanzi, msimamizi wangu kwa miaka kumi, na namba yako chini. Kwamba ni mama yangu sikuandika, maana tulifundishwa ndugu hadhamini ndugu.

Sasa kaa chini, mama. Yule baba aliyekupigia Alhamisi ile kuuliza tabia za binti yako Kisa hakuwa mshenga. Alikuwa Bwana Andrea, meneja wa ghala.

Kwenye usaili alisema amezungumza na msimamizi wangu, naye amemjibu kwamba binti haozwi kwa simu, waje watu wazima na ng'ombe wanane. Nilitamani sakafu inimeze. Nikamwambia ukweli wote, nikanyanyuka niondoke. Akaniambia nikae. Akasema ulimweleza pia aibu ya binti yako, asije akasema baadaye ulimficha: mtumbwi uligonga jiwe, vyungu tisa vikavunjika, na nikaja kukwambia mwenyewe kabla hujavihesabu. Alisema wadhamini wote humsifia mtu wao. Aliyemtajia vyungu vilivyovunjika ni wewe peke yako, naye anahitaji mtu wa kumwambia gunia likilowa.

Lakini mama, kuna lililo zito zaidi. Miaka mitatu chuoni niliwaambia watu kwamba mama yangu ni nesi. Ulipopiga simu nilitoka nje wasikusikie. Likizo ikiisha nilisugua kucha mpaka zikauma, udongo usionekane. Ndiyo maana CV ya kwanza haikuwa na chungu hata kimoja. Nilikuonea aibu, mama, na sasa najionea aibu mimi. Nisamehe.

Msalimie Baba Mdogo, salimia na wanakwaya wote. Bi Habiba anakusalimu sana, anataka chungu cha kupikia maharage.

Ng'ombe hawaji, mama. Waambie wajomba waache kukata miti ya zizi. Ninayekuja ni mimi, Jumamosi, moja kwa moja Lyulilo. Nitakaa kando yako niuze vyungu, na kitambulisho cha kazi shingoni, ili atakayeuliza binti huyu ni wa nani nimjibu mwenyewe.

Ndaga fijo, asante sana, mama.

Mwanao, na mfanyakazi wako wa miaka kumi,
Kisa