Kompyuta Tuliyoivalisha Sweta

Alhamisi, Julai 1996. Baridi tangu asubuhi, na manyunyu yasiyoamua kama yanataka kuwa mvua.

Leo nimechoka mpaka majivuno yangu yamechoka. Anayenijua atasema hilo haliwezekani, maana mimi hata nikishikwa na malaria hujisifu kwamba malaria yangu ni kali kuliko ya jirani. Lakini niseme ukweli. Nimekaa kitandani na viatu miguuni kwa sababu kuinama kuvivua ni kazi.

Kompyuta yetu imekufa.

Wacha nianze vizuri. Mimi ndiye askari wa dispensari ya kanisa hapa Mathare. Ndiye mfagiaji pia, na ndiye mpanga foleni. Wagonjwa huniita Daktari wa Mlango. Shule niliachia darasa la sita, lakini nimefika Kampala, nimefika Mwanza, na nimefanya kazi kiwanda cha sabuni kule Industrial Area ambako kulikuwa na kompyuta ndani ya chumba cha vioo. Nilikuwa naiona kila siku nikipita na toroli. Kwa hivyo wafadhili walipotuletea yetu kabla ya Pasaka, na Sista Jenipha, muuguzi anayeendesha dispensari, akauliza kama kuna mtu anayezijua hizi mashine, ni nani mwingine angeinua mkono?

Sista alifundishwa kupiga chapa, akawa anapiga kwa vidole viwili kama kuku anayedonoa. Yangu ilikuwa kuiwasha asubuhi, kuizima jioni, na kuwaeleza watu wa foleni yanayotendeka ndani yake.

Nilieleza mengi.

Kazi kubwa ya hiyo mashine ilikuwa wagonjwa wa kifua kikuu. Sista anaingiza nani amekunywa dawa na nani hajaonekana, na mwisho wa mwezi printa inalia kama posho mill ikisaga mahindi, ripoti inatoka, naipeleka stoo wanakotugawia dawa. Tangu mashine ije, stoo walisema hawataki tena ripoti ya mkono. Hakuna karatasi ya kompyuta, hakuna dawa.

Na sitaisema vibaya marehemu. Ilitusaidia. Mwezi wa tano ilitoa jina la Wekesa, mpakiaji wa magunia, ambaye alikuwa amejisikia nafuu akaacha dawa kimyakimya. Zamani tungemkumbuka akirudi anatema damu. Safari hii Sista aliona jina kwenye kioo siku iyo hiyo, akanituma, nikamkuta Wekesa anacheza drafti. Nikamwambia, "Bwana, kompyuta imekuona." Alinyanyuka bila kumaliza mchezo. Mpaka leo anaiogopa kuliko mke wake.

Sasa nije kwenye nguo.

Hapa kwetu kitu cha thamani hakikai uchi. Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, kochi lina vitambaa mpaka mgeni anaogopa kuegemea. Akina mama wa kanisa, wakiongozwa na Mama Nekesa, waliona kompyuta ya kanisa inakaa hivi hivi kama yatima, wakaona aibu. Wakaifumia nguo za sufu. Moja ya kichwa, moja ya mwili, moja ya printa, nyeupe zenye ukingo wa waridi. Siku ya kuivalisha tuliomba, tukaimba, tukanywa chai. Ilipendeza kama bibi harusi.

Halafu Julai ikaja na baridi yake, na barabara ya nje ikachimbwa, vumbi likawa linaingia mpaka kwenye chai. Fundi aliyeileta alikuwa amesema vumbi ni adui. Basi mimi, mtaalamu, nikaamuru nguo zisivuliwe hata mashine ikifanya kazi. Uso peke yake ndio uonekane. Sista alisita kidogo. Nikamwambia kule kiwandani walikuwa wanaifungia chumba kizima, seuze kitambaa.

Fundi alisema vumbi. Hakusema kwamba kile kitu kinapumua.

Jana alasiri, Sista akiwa katikati ya ripoti, kukaja harufu ya pasi iliyosahaulika juu ya shati. Kioo kikawa cheusi. Leo asubuhi nikamleta fundi wa redio kutoka Eastleigh. Aliivua nguo moja moja, akaifungua, akachomoa ndani donge la manyoya ya sufu kubwa kama panya.

"Buda," akaniambia, "hii mashine iko na feni. Mmeivalisha sweta mpaka ikakosa hewa. Na hii feni imekula sweta yenyewe."

"Itapona?"

"Buda, hii ni ya kuzika."

Sista alinitazama. Nimewahi kutukanwa nchi tatu, kwa lugha ambazo nyingine sikuzielewa, na nililala vizuri. Lakini yule mama alichukua kalamu na karatasi, akaanza kuandika ripoti kwa mkono kutoka kwenye kadi za wagonjwa. Afadhali angenitukana.

Akiwa anaandika, Mama Nekesa akapita kusalimia, akaona zile nguo zimerundikwa kwenye kiti.

"Baba Mwende, kwani mtoto wetu amepatwa na nini?" akaniuliza, akiionyesha kompyuta kwa kidole.

Ningeweza kumwambia. Lakini ule mkono umefuma wiki nyingi, na macho yenyewe hayaoni vizuri. Nikamwambia, "Ilikuja ikiwa nzee, mama. Wenyewe walikuwa wameitumia mpaka ikachoka."

Akafikiri. "Basi imeenda ikiwa imevaa vizuri," akasema, akakunja kazi yake polepole akaiweka kwenye kiondo. Sista aliinamia karatasi. Sijui kama alikuwa anacheka au anafanya lile jingine.

Shida ni kwamba kabati la dawa lilikuwa tupu. Wengine bado wana za siku chache nyumbani, lakini Wekesa alimeza za mwisho asubuhi ya leo, akiwa wa kwanza kwenye foleni kama kawaida yake siku hizi. Amebakiza muda mfupi amalize. Sista alinieleza zamani, na hili sikulipamba hata siku moja: ukikatiza dawa za kifua karibu na mwisho, ugonjwa unaamka ukiwa na hasira, na zile dawa za kwanza zinaweza zisiuweze tena. Na Wekesa ana watoto katika chumba kimoja naye.

Kwa hivyo nikachukua ripoti ya mkono, nikaenda stoo.

Mbele yangu kulikuwa na mama wa dispensari nyingine na karatasi yake ya kompyuta. Karani aliipokea, akafungua kitabu kikubwa, akashika biki, akainakili yote kwa mkono, mstari kwa mstari. Nilisimama pale nikitazama kwa macho yangu haya mawili. Kisha ikawa zamu yangu.

"Mzee, hii ni mwandiko."

"Ndiyo, na mwandiko mzuri. Sista wetu alifundishwa na watawa."

"Tulitoka huko. Siku hizi ni kompyuta."

"Yetu imefariki jana. Sasa wewe si unanakili kwa biki? Nakili na hii. Nimekupunguzia hata kelele ya printa."

"Mzee, mimi nafuata maagizo tu."

Nikatoa silaha zangu. Nikampa hadithi ya Kampala, nikampa ya Mwanza, nikampa mpaka ya kompyuta iliyokufa ikiwa na sweta. Alicheka mpaka akafuta machozi. Nikafikiri nimempata. Akasema, "Wewe mzee una maneno," kisha akafunga dirisha, akaenda kula.

Hapo ndipo uchovu uliponiingia. Si wa miguu. Maisha yangu yote nimefungua milango kwa kuchekesha watu, na leo mtu amecheka na mlango ukabaki umefungwa.

Nikakumbuka kwamba Sista ana rafiki aliyesoma naye, muuguzi wa dispensari moja kule Umoja. Nikaenda. Manyunyu yakanifuata kama deni la dukani. Yule muuguzi alisikiliza, akanitazama viatu, akafungua kabati lake. Alisema naye anafika mwisho wa zake, kwa hivyo atatoa za wiki moja tu, na Sista azirudishe kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo kwa sababu zina mwenyewe.

Zina mwenyewe. Nilitembea na hayo maneno mpaka Mathare.

Wekesa nilimkuta nje ya mlango wake, amejifunika blanketi, anamkemea mtoto acheze mbali na mtaro.

"Daktari wa Mlango! Leo umehamia mlango wangu?"

"Nimekuja kukagua kama unaishi vizuri. Naona hapana."

Nikampa pakiti. Aliipima mkononi, mtu aliyebeba magunia hadanganywi uzito. "Mbona ni chache?"

"Ni za kuanzia."

"Na zingine?"

"Ziko."

Mkewe, Nafula, alikuwa amesimama nyuma yake na mwiko mkononi. Aliacha kukoroga sufuria.

"Nauliza kwa sababu," Wekesa akasema, na sauti yake haikuwa ya utani tena, "nimemwambia mnyapara mwezi wa tisa narudi kazini. Ameniwekea nafasi. Nisije nikawa nimemdanganya mtu wa watu."

Ningemwambia nini? Kwamba mashine anayoiogopa iko kwenye meza, tumbo wazi? Kwamba dawa aliyoshika ni ya mgonjwa mwingine ambaye hamjui, huko Umoja, ambaye naye ana mnyapara wake?

"Wekesa," nikasema, "kati yangu na wewe, nani anajua mambo ya kompyuta?"

"Wewe, Profesa."

"Basi nakwambia ziko."

Akacheka. Nafula akarudi kukoroga. Wakanipa ugali na sukuma, nikala kama mtu asiye na neno moyoni.

Sasa nimekaa hapa. Mama Mwende, mke wangu, amenivua kiatu kimoja, akachoka naye, akaniambia kingine nitalala nacho. Kesho, dirisha likifunguliwa, nitakuwa pale na Sista mwenyewe, na kadi zote za wagonjwa, na sitamchekesha mtu. Sijui nikiacha mzaha huwa ninabaki na nini cha kusema. Sijawahi kujaribu.

Lakini nimemwangalia mtu machoni nikamwambia ziko. Itabidi ziwepo.