Ndoo ya Rangi Mkutanoni

Keko, Jumapili

Bibi yangu wa Kimbiji,

Shikamoo. Sisi wazima, na kuku uliyetuletea ameanza kutaga. Bibi, mjukuu wako anayejibu kwa kutikisa kichwa ameongea mbele ya watu!

Kamati inayoandaa kiwango cha lebo za koki za kuokoa maji iliomba maoni ya wananchi. Nikaandika kwamba wanapima koki hizo kwa maji yenye nguvu, ilhali kwetu yanashuka polepole kutoka kwenye tenki. Koki ya aina hiyo aliyonunua mama hujaza ndoo kwa nusu saa, naye huchelewa kazini. Wakaniita nieleze.

Nilikwenda na ndoo yetu ya rangi. Mlinzi akaniuliza, "Binti, umekuja kufua?" Nusura nirudi nyumbani.

Ndani, mhandisi mmoja akauliza, "Ulipimaje?" Nikainua ndoo juu. Wakacheka, nami nikacheka, ndipo maneno yakatoka: mara kumi, kwa saa ya baba.

Mwenyekiti akamgeukia katibu. "Andika, tupime pia kwa maji ya tenki." Kisha akaiazima ndoo.

Mama anauliza itarudi lini. Tunaogea sufuria ya pilau.

Mjukuu wako mwenye sauti,
Noela