Nyumba ya Mzee Vigoda

Jumatatu, 5 Agosti
Maji yamekatika tena. Nimefua nusu, nusu imelala kwenye beseni. Kazini joto, feni mbovu. Saa ya chai meneja ametangaza kwamba Nanenane tutatoka ofisi nzima. Tutakwenda kutazama nyumba ya kale njia ya Kwihara, tembe la mfanyabiashara wa enzi za misafara. Anaishi humo mzee mmoja kichaa kidogo, Mzee Vigoda, amelijaza vitu vya kuchonga. Neema wa masijala akasema mzee huyo ana hata baiskeli ya mbao, mpaka kengele. Watu wakacheka.
Nami nikacheka.
Mzee huyo ni baba yangu. Nimehamishiwa hapa juzi juzi, natumia jina la mume. Hakuna anayejua. Sikusema.

Jumatano, 7 Agosti
Nimefikiria kuugua. Nimefikiria kumpigia Baba, nimwambie aende kwa shangazi kule Urambo kesho. Simu nimeishika, nikaiweka. Ningempa sababu gani?

Alhamisi, 8 Agosti
Tulikwenda kwa Hiace ya kukodi. Baba alikuwa mlangoni, kanzu imepigwa pasi. Alijua kuna wageni, hakujua ni akina nani. Aliponiona uso ulimfunguka. Akaanza kunyoosha mikono.
Nikamuwahi. "Shikamoo, mzee."
Mikono ikashuka. Akanitazama kidogo tu. "Marahaba, mgeni. Karibu."
Akatuzungusha. Vigoda alivyovikuta vimevunjika huko Sikonge akavitia miguu mipya. Mizinga ya nyuki ya magome. Miko, vinu, vitana. Kufuli za mbao zenye funguo za mbao, kazi ya mikono yake mwenyewe. Kwa kawaida huvieleza kwa mbwembwe. Leo alivipitia haraka, kama mtu anayeomba radhi. Meneja akapanda ile baiskeli, wakampiga picha.
Mmoja wetu akamuuliza kama ana watoto. Nilikuwa karibu naye, nasikia pumzi yake.
"Nina binti," akasema. "Yuko mbali."
Chakula kimenishinda.

Ijumaa, 9 Agosti
Alinisitiri mbele ya watu. Bora angenitukana.
Kila Ijumaa hunipigia baada ya swala. Leo kimya. Nami sikupiga. Mwoga.

Jumanne, 13 Agosti
Neema amekuja kazini na kigoda cha mninga. Jumapili alifuata asali kule Kwihara na mumewe, wakapitia kwa mzee. Akampa bure. Anasema mzee anagawa kila kitu, anayetaka achukue.
Kigoda nimekijua. Marehemu mama alikikalia akisonga ugali. Neema akaniuliza kama si kizuri. Nikakisifu.
Nikakisifu! Mimi ni mtu gani?

Jumamosi, 17 Agosti
Nimekwenda peke yangu, kwa bodaboda. Nilipishana na mama mmoja anatoka na kinu kichwani. Ndani kuta zimebaki na misumari, na mabaka meupe pale vitu vilipokuwa. Baiskeli ameichukua mwenye baa ya barabarani, anataka kuitundika juu ya mlango.
Baba alikuwa anafagia. Nikamuuliza kwa nini. Akasema hana kinyongo. Nyumba ikiwa tupu itafanana na nyumba za watu wengine, nami nitaweza kuja na wenzangu bila tabu.
Alidhani kosa ni la vigoda.
Nikapiga magoti. "Baba, nimekukana."
Akasimamisha ufagio. "Iliniuma," akasema. "Haya inuka, sakafu ina vumbi."
Hakusema amenisamehe. Nilingoja. Akaendelea kufagia.

Jumatatu, 19 Agosti
Nimewaambia. Saa ya chai, wote wakiwepo. Mzee wa tembe ni baba yangu, siku ile nilimwamkia kama mtu baki kwa kuwa nilimwonea haya. Meneja akatazama kikombe chake. Hakuna aliyecheka. Nilidhani nikisema nitapumua. Sikupumua. Sasa wanajua nilivyo.
Jioni Neema amekuja nyumbani na kigoda, amekifunga kwenye khanga. Hakuniuliza kitu. Afadhali angeuliza.

Jumamosi, 24 Agosti
Nimeshinda kwa Baba. Asubuhi nilipita nyumba kwa nyumba kuomba vitu virudi. Wengine wamerudisha. Wengine wamesema walipewa, ni vyao, na kweli ni vyao. Kinu kimeshapasuliwa kuni. Mwenye baa amekataa katakata. Nilipomweleza Baba aliitikia tu kwa kichwa.
Tumetundika vilivyorudi. Ukuta mmoja umebaki mtupu.
Mchana wakapita wageni, mwalimu na mkewe kutoka Nzega. Baba alikuwa anatawadha, nikawapokea mimi. Nikajaribu kuwaonyesha kufuli inavyofunguka. Ikanishinda. Baba akaja, mikono bado ina maji, akaichukua kwangu.
Mke wa mwalimu akaniuliza kama nami ni mgeni hapa. Baba hakuinua uso.
Nikasema hapana, mimi ni bintiye.
Baba akaingiza ufunguo, akawaambia wasogee karibu waone.