Rimoti ya Mama Ridhaa na Buti Lililofunguka Mountain View

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Dalmas Ogweno
Umri: Miaka 21
Kazi: Fundi wa alamu na rimoti za magari, barabara ya Kirinyaga, Nairobi
Makao: Kangemi, nyuma ya soko
Elimu: Kidato cha pili, nusu
Tarehe: 16 Machi 2006

Mimi ndiye fundi wa rimoti namba moja Nairobi hii yote, na kama kuna mwingine, basi ni mimi nilimfundisha. Gari ikiniona inajifungua yenyewe kwa heshima. Naandika kwa mkono wangu kwa sababu Konstebo Hannah Nyokabi amesema wake umechoka kuandika sifa. Ameniambia, "Kijana, andika kilichotokea. Ukimaliza kujisifu, karatasi ina upande wa pili." Basi naandika.

Mnamo tarehe 27 Februari 2006, Jumatatu asubuhi, Mama Ridhaa alikuja kwa kibanda changu. Jina lake kamili ni Bi Mabruka, ni mama wa Pwani, anafundisha wasichana madrasa hapa mjini na anaishi Mountain View. Aliletwa kwangu na Haron. Haron ni soja wa geti lake, na ni jirani yangu Kangemi. Ukuta wetu ni mmoja, akikohoa usiku mimi nasema pole. Yeye ndiye alimwambia mama kuna kijana anajua hiyo kazi.

Mama Ridhaa alinionyesha rimoti ya gari yake akasema, "Mwanangu, kidude hiki kinanifedhehesha mbele ya Mola wangu." Shida ilikuwa hii. Yeye huweka ufunguo kifuani, ndani ya buibui, kwa sababu mkoba hapa mjini ni wa kila mtu. Akisujudu, kifua kinabonyeza kitufe, na gari huko nje inaanza kulia wii, wii, wii. Wasichana wanacheka na nyuso zao ziko chini kwa mkeka.

Nilimwambia, "Mama, labda hiyo gari nayo inaitikia amina."

Alinipiga kofi la bega lakini alicheka. Nikamwambia aweke ufunguo mahali pengine wakati wa swala. Alikataa. Alisema akiuacha chini mtu atauchukua, na akiuweka dirishani atausahau.

Basi nilivua ndara yangu ya kushoto, nikakata kipande cha mpira, nikatengeneza pete na kuibandika kuzunguka vitufe vya rimoti. Mpira ulikuwa juu, vitufe chini kama maji ya kisima. Kifua kikija, kinagonga mpira. Ncha ya kidole pekee ndiyo inaweza kuingia. Niliikalia, nikaibana kwa kwapa, nikampatia mbeba mizigo aiweke chini ya gunia la vitunguu. Gari ilinyamaza kabisa. Hiyo kazi ilikuwa safi, hata leo nasema. Nilirudi Kangemi na ndara moja, na watu wote wa barabarani nikawaeleza kwa nini.

Tarehe 4 Machi, Jumamosi, mama alirudi na lalamiko dogo. Nilimrekebishia, dakika moja tu, akaenda.

Tarehe 14 Machi, Jumanne, mchana, nikiwa Kangemi, nilipigiwa simu na Ridhaa, mtoto wa Mama Ridhaa. Aliniambia nije Mountain View haraka. Nilienda kwa miguu. Nilikuta hema la harusi limesimama nusu, watu wamejaa barabarani, na maafisa wawili wa polisi wamesimama kwa gari ya mama.

Nilielezwa kwamba mama alifika nyumbani saa saba na nusu. Kiwanja kilikuwa kimejaa milingoti ya hema, kwa hivyo aliegesha nje ya geti. Ndani ya buti kulikuwa na kisanduku cha dhahabu ya binti yake Shahida, anayeolewa Jumamosi hii: bangili na mkufu wa nyanya yake. Mama alifunga gari, akaingia kuswali adhuhuri kwanza, ufunguo kifuani. Haron naye aliitwa ndani kushika mlingoti. Walipotoka, buti lilikuwa limesimama wazi na kisanduku hakipo. Kioo kizima, kufuli zima, hata mkwaruzo hakuna.

Mama alikuwa ameketi kwa kiti cha plastiki. Alimwambia koplo, mkubwa wa wale maafisa wawili, "Huenda ni mimi. Kidude hiki kilikuwa na tabia ya kujibonyeza."

Koplo alinigeukia. "Wewe ndiye fundi? Kinaweza kujibonyeza?"

Watu wote waliniangalia. Wasichana wa harusi walikuwa wamesimama pale na hina mbichi mikononi. Nilisema kwa sauti, "Afande, rimoti ikishapita kwa mkono wangu haijibonyezi. Hapo kuna mtu amefungua."

"Mtu gani?"

"Mwenye ufunguo."

Sikujua ufunguo wa pili unakaa na nani. Ulikuwa na Haron, kwa sababu yeye huosha gari kila asubuhi. Koplo aliutoa kwa mfuko wa Haron mbele ya watu.

Haron hakubishana. Aliniangalia akasema, "Dalmas, sema vizuri."

Nikamjibu, "Mimi nasema ya rimoti tu, mzee."

Aliomba kubadilisha viatu kwanza, alikuwa na gambuti za kazi. Walimwambia hakuna haja. Alipanda Land Rover nazo.

Usiku huo ukuta wetu haukukohoa. Asubuhi ya Jumatano nilimkuta Namalwa, mke wa Haron, kwa mfereji wa ploti. Nilidhani atanitukana na nilikuwa nimejipanga na majibu. Hakunitukana. Aliuliza, "Dalmas, watoto wanataka kujua. Ulimwona baba yao akichukua?"

"Sikumwona."

"Sasa ulisema nini?"

Mimi nina jibu la kila mtu, hata la makanga. Maji yalijaa kwa ndoo yangu yakamwagika, na Namalwa ndiye alifunga mfereji.

Siku hiyo hiyo saa kumi nilienda Mountain View. Nilimwomba Mama Ridhaa aegeshe gari mahali palepale na aswali alasiri kama kawaida, ufunguo kifuani. Aliniuliza, "Unatafuta nini?" Nikasema, "Mama, wewe swali tu." Nilisimama barabarani. Kupitia dirisha niliona mgongo wake.

Kitufe cha buti ni lazima kibonyezwe na kushikiliwa, sekunde tatu hivi. Mtu akigusa tu haitoshi. Sijida mbili za kwanza, gari ilikuwa kimya, nikaanza kupumua. Iliyofuata mama alikawia sana kuinuka, nafikiri alikuwa anaomba dua juu ya haya mambo. Nilisikia "tak." Buti likainuka polepole, mbele yangu, kama mtu anaamka usingizini.

Mama alipotoka alilitazama buti, halafu akanitazama mimi. Alisema, "Na Haron amelala ndani kwa ajili ya hiki?" Halafu akasema, "Kesho asubuhi, mimi na wewe, kituoni." Sasa hivi ameketi kwa benchi hapo nje.

Nani alichukua dhahabu, sijui. Barabara ile watu wanapita. Lakini buti halikufunguliwa na Haron kwa ufunguo wowote.

Sasa ile dakika moja ya tarehe 4 Machi. Mama alikuja kwa sababu kidole gumba chake kimevimba kwa baridi yabisi na hakikuingia kwa ile pete. Alikuwa amesimama kwa mvua akichokora kitufe na njiti ya kiberiti. Dawa ilikuwa kukata pete nyingine yenye mdomo mpana. Lakini mechi ilikuwa inaanza kwa TV ya hoteli na vijana walikuwa wananiita. Nilichukua wembe nikaparua ile pete mpaka ikalingana na vitufe. Sikuikalia, sikuijaribu. Nikamwambia, "Mama, sasa hata ndovu akiilalia haijibonyezi."

Hata hilo lingeweza kusameheka. Konstebo ameniuliza kama siku ya Jumanne nilikuwa nimesahau. Sikusahau. Koplo aliponiuliza mbele ya watu kama rimoti inaweza kujibonyeza, nilikumbuka ule wembe kabla hajamaliza swali. Nilijua inaweza. Nikasema haiwezi.

Hapo ndipo maneno yangu yanaishia, na nimeyaandika bila kulazimishwa na mtu.

Sahihi: D. Ogweno

Maelezo haya yameandikwa na shahidi mwenyewe mbele yangu, nami nimemsomea. Rimoti imechukuliwa kama kielelezo. Nakala imepelekwa kwa afisa mpelelezi leo hii kuhusu mshukiwa aliye rumande. Shahidi ameomba aya ya kwanza ifutwe. Haikufutwa.

H. Nyokabi, Konstebo